Udzungwa si ukumbi wa disko

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita nilipanda hadi maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Ndani ya hifadhi hii hakuna barabara za magari ya watalii kama Mikumi. Ukitaka kuona kitu, utatembea. Mimi naona hiyo ndiyo raha yake.

Maji yanashuka kwa hatua tatu, zaidi ya mita 170. Ukigeuka unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa chini kama mkeka. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mti, kamera tayari, maana mwongoza wageni alikuwa ameona mkia wa mbega mwekundu juu ya tawi. Ghafla likatokea kundi la vijana na spika mgongoni, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Mbega akaruka mara mbili, kwaheri. Picha niliyobaki nayo ni ya majani yanayotikisika!

Msitu huu una nyani aitwaye mangabi wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumjua hadi 1979. Unamfuataje mnyama msiri namna hiyo na ngoma mgongoni?

Naomba spika ziachwe getini Mang'ula, kwa stakabadhi kama mizigo mingine. Na wale wanaopiga selfi ukingoni kabisa mwa mwamba, penye utelezi, warudi nyuma hatua tatu. Maporomoko yataonekana tu.

Mpenda milima,
Morogoro