Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa udhibiti wa mafuta: namba iliyo kwenye pampu ni namba ya nini?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zangu zikufikie. Mimi ni fundi wa pikipiki. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ndiye unayeamua kinachobandikwa kwenye pampu, na wanaosoma kibandiko hicho vibaya huishia mikononi mwangu.

Juzi kijana mmoja aliniletea pikipiki yake ya cc 150. "Fundi, imechoka," akasema, "na wala siilishi ovyo. Naiwekea ile ya namba kubwa tu." Nikafungua chujio la hewa nikakuta vumbi limegandana kama ukoko wa chungu. Plagi ilikuwa nyeusi tii kwa masizi, na mnyororo umekazwa hadi haunesi. Nikasafisha, nikabadilisha plagi, nikalegeza mnyororo. Alipotoka kuijaribu alirudi anacheka. Miezi yote hiyo alikuwa akilipia namba, kumbe pikipiki inakosa pumzi.

Simlaumu. Ameona bango la "nguvu zaidi", ameona namba kubwa karibu yake, akaunganisha mambo mawili. Nani asingeunganisha?

Ila namba ile ni ya oktani, na oktani si kipimo cha nguvu. Ni kipimo cha uvumilivu. Ndani ya silinda, pistoni inapopanda hukandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na mchanganyiko huo hupata joto. Plagi inatakiwa iuwashe kwa wakati wake, moto usambae toka kwenye cheche hadi ukutani. Petroli isiyovumilia hujilipukia yenyewe kule pembeni kabla moto haujaifikia. Hapo ndipo unasikia injini inagonga, ti-ti-ti, kama kokoto ndani ya kopo, hasa ukiwa umebeba mzigo mlimani na gia kubwa. Namba ya oktani inakuambia petroli itahimili kiasi gani kabla ya kufanya fujo hiyo. Wapimaji waliiweka isooktani kwenye 100 na heptani kwenye 0, kisha petroli yoyote hulinganishwa na mchanganyiko wa hizo mbili katika injini maalumu ya majaribio.

Kwa hiyo petroli ya 98 haina moto mkali kuliko ya 91. Lita kwa lita, nishati yake ni karibu ile ile. Pengine hata hupungua, kama oktani imepandishwa kwa kuongeza ethanoli, maana lita ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya lita ya petroli.

Faida ipo, lakini ni kwa injini iliyoundwa kuidai. Pikipiki ya kasi kama Ducati Panigale V4 hukandamiza mchanganyiko kwa uwiano wa 14 kwa 1. Hiyo ukiinyima oktani unaitafutia balaa. BMW R 1200 GS ina sensa inayosikiliza injini ikigonga, na kompyuta yake huchelewesha cheche mambo yakiharibika. Pikipiki nyingi ndogo za kazi, zinazopozwa kwa hewa, hukandamiza kwa 9 kwa 1 au juu yake kidogo, na hazina sensa hiyo. Wakati wa cheche yake umepangwa kiwandani ukabaki hapo. Ukiipa petroli yenye uvumilivu isiouhitaji, haina njia ya kujua, wala haina njia ya kuutumia. Mwenyewe nimejaza ya juu na ya chini kwa zamu kwenye pikipiki yangu, mlima ule ule, mzigo ule ule. Sikuona tofauti, na niliitafuta kwa hamu kwelikweli.

(Injini ya zamani iliyojaa kaboni juu ya pistoni ni kesi nyingine. Kaboni hupunguza nafasi na kushika joto, injini ikaanza kugonga, na oktani ya juu huituliza. Hata hivyo dawa yake ni kufungua kichwa cha silinda na kukwangua.)

Sasa nifike kwenye shida yangu na ofisi yako. Kupoteza hela kwa namba kubwa ni hasara ya mfukoni. Kukosea kwenda chini ndiko kunakoua injini, na kosa hilo linazaliwa na kibandiko.

Namba zinapimwa kwa njia zaidi ya moja. Kuna RON, inayopimwa injini ya majaribio ikizunguka mara 600 kwa dakika. Kuna MON, mara 900, mchanganyiko ukiwa umepashwa joto zaidi, nayo hutoa namba ndogo. Marekani huchukua wastani wa hizo mbili, hivyo petroli inayoitwa 91 kwa RON, kule huitwa 87 au karibu yake. Petroli ni ile ile, jina tofauti.

Mteja wangu mmoja alinunua pikipiki kubwa iliyotumika, ikiwa na kijitabu cha soko la Marekani. Kijitabu kinadai 91. Akaenda kituoni, akaona 91, akajaza kwa moyo mweupe. Pampu ilikuwa inasema RON. Kijitabu kilikuwa kinasema wastani, ambao kwa RON ni kama 95 au 96. Alisikia kugonga akadhani ni valvu. Nilipoifungua, ukingo wa pistoni ulikuwa umetobokatoboka kama ubao ulioliwa na wadudu, na ringi ya juu imevunjika vipande viwili. Alikuwa amefuata maandishi yote aliyopewa.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mambo ya kubandika tu. Kila pampu iandike namba pamoja na njia iliyotumika kuipima, kwa herufi zinazosomeka ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Si jambo geni: Marekani kibandiko cha njano cha oktani hutaja njia ya kipimo palepale. Waagizaji wa pikipiki, mpya na zilizotumika, walazimishwe kubandika karibu na kifuniko cha tangi oktani ya chini inayokubalika, kwa kipimo kile kile cha pampu zetu. Na anayetangaza "nguvu zaidi" aeleze ni kwa injini gani. Kama petroli yake ina dawa ya kusafisha nozeli, aseme ina dawa ya kusafisha. Hiyo ni sifa nzuri inayojitegemea, na haina uhusiano na oktani.

Wataalamu wako wanaweza kusema wenye pikipiki hawasomi vibandiko. Wanasoma. Yule wa kijitabu alisoma namba zote mbili.

Pistoni yake ninayo hapa karakana, ndani ya kopo la oili, na mwenyewe ameniruhusu kuionyesha. Ofisi yako ikiihitaji mezani siku ya kujadili suala hili, nitaileta mwenyewe.

Wako mtiifu,
Fundi wa pikipiki