Mafaili ya nyonga, kabla ya Jumatano

Assalaam alaykum wenzangu wa Unguja na Pemba.

Jumatano baada ya laasiri tunakaa Chake Chake kupitia mafaili ya waliowekewa nyonga bandia, pamoja na misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya maradhi) iliyoandikwa humo. Kwanza, tuache kuandika "maumivu ya nyonga" tukaridhika. Juzi nimeshika faili la bibi mmoja: juu M16.1, yaani kiungo kimelika; ndani, kwa mwandiko wa kukwaruza, "kaanguka uwani akichota maji." Basi huyo ni S72.0, kavunjika shingo ya paja! Upasuaji unaweza kufanana, sababu haifanani.

Vijana wa selimundu, mfupa uliokufa kwa kukosa damu: D57 (selimundu yenyewe) itangulie, M90.4 (mfupa uliokufa kwa maradhi ya damu) ifuate. M87, ya mfupa uliokufa kwa sababu nyingine, hapo si pake.

Na upande, jamani. M16.1 haisemi kulia wala kushoto, kwa hiyo liandikwe neno zima. Kuna daktari (anajijua, na yumo humu) huandika "K" tu. K ipi sasa?

Anayerudi na nyonga bandia kwa maradhi mengine, ongezeni Z96.6, yaani ana kiungo bandia.

Wa Wete wanaotaka usafiri waniambie leo kabla ya magharibi.