Kiti cha pweza hushika mwamba kwa gundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wa biolojia hapa Uganda kuhusu jinsi kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, anavyotumia vimiguu vyake. Nchi yetu haina pwani, na mnyama huyu hawezi kuishi katika maji baridi ya Ziwa Viktoria wala katika maji ya magadi ya Ziwa Katwe, kwa kuwa mwili wake hauna uwezo wa kurekebisha chumvi iliyomo ndani yake. Mwanafunzi wa Gulu au Masaka humjua kwa maelezo ya mwalimu na michoro tu, na maelezo hayo yakikosewa hana pa kuyahakiki.

Tunafundisha sawasawa kwamba chini ya kila mkono wake kuna safu za vimiguu laini, mamia kwa jumla, vinavyoendeshwa na maji. Kila kimiguu kina kifuko chake kwa juu. Misuli ya kifuko ikibana, maji hushuka na kimiguu hurefuka, na misuli ya kimiguu chenyewe ikijikaza, maji hurudi juu nacho hufupika.

Kinachohitaji kusahihishwa ni kauli kwamba ncha ya kimiguu hung'ang'ania mwamba kwa kufyonza. Watafiti wamebaini kwamba kazi kubwa hufanywa na gundi: ncha hutoa ute wenye protini unaoinatisha, kisha ikitakiwa kubanduka hutoa ute wa pili unaoiachilia, na ile gundi ya kwanza hubaki juu ya mwamba mithili ya unyayo. Kama kungekuwa na kufyonza tu, unyayo huo usingekuwapo. Kwa mshiko huo huo mnyama huyu huvuta magamba ya kome kwa muda mrefu, na mwanya usiofika milimita moja humtosha kupenyeza tumbo lake ndani na kumyeyusha kome humo humo.

Gundi inayoshika ndani ya maji na kuachia kwa wakati wake ni jambo ambalo wataalamu wa tiba wanalihitaji sana katika kufunga majeraha yenye unyevu. Nawasihi walimu wenzangu walitaje darasani muhula huu, hata kabla vitabu havijarekebishwa.

Mwalimu wa biolojia,
Entebbe