Barua kwa vijana wetu wa Houston mnaoandika hadithi

Wanangu,

Salamu nyingi. Nimesikia mnachangishana mchapishe vitabu vya hadithi kwa watoto wetu wanaokulia huku Texas, na kwamba ubishi mkubwa ni mhusika mkuu: aitwe nani, avae kitenge au kanga, kwao kuwe Bukavu au Mombasa. Kabla hamjagombana, watazameni vijana wa jirani zetu Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wao wametutangulia katika hili, na si wachache: sensa ya 2020 ilihesabu Walatino zaidi ya milioni 62 Marekani nzima.

Mwaka 1999 kituo kimoja cha televisheni kilimweka kando Speedy Gonzales, panya wa katuni mwenye kofia pana ya Kimeksiko, kwa kuhofia kwamba anawadhalilisha. Waliodai arudi ni Walatino wenyewe, na 2002 akarudi. Kejeli ilikuwamo, hasa kwa wale panya wenzake waliochorwa wavivu. Lakini watu waliona kipanya kinachompiga chenga paka kila siku, wakasema huyu wetu. Na Machi 2018 vijana wa Meksiko walijaa kwenye viwanja vya miji kutazama tamati ya katuni ya Kijapani, Dragon Ball Super. Shujaa wake, Goku, katungwa Japani, hana hata shangazi Meksiko!

Sasa geuzeni upande wa pili. Januari 2020 ilitoka riwaya American Dirt, ya mama wa Kimeksiko anayekimbilia Marekani na mwanawe. Majina ni ya Kihispania, maneno ya Kihispania yamenyunyizwa humo, na bado waandishi wengi wa Kilatino waliikataa. Lawama yao mojawapo ilikuwa kwamba yule mama anaishangaa nchi yake kama mtalii. Kwa hiyo kitenge peke yake hakitawaokoa.

Anayenifundisha zaidi ni Luisa wa Encanto, filamu ya 2021 yenye hadithi ya familia ya Kolombia. Ni binti mwenye nguvu za ajabu: anahamisha madaraja, anabeba punda, kijiji kizima kinamwita. Ndani kwa ndani anaogopa kwamba siku asipobeba kitu hatakuwa na thamani, mpaka jicho linamchezacheza. Mabinti wengi wa Kilatino, hasa vifungua mimba, walijiona kwake, ingawa Luisa mwenyewe si wa kwanza kuzaliwa. Ni mabinti waliokuwa wakiwasomea wazazi barua za bima na za mwenye nyumba tangu shule ya msingi.

Mnamjua mtoto huyo. Yuko kwenye maghorofa yetu pia. Daktari anasema Kiingereza, mama anasubiri Kiswahili, na katikati amekaa binti wa miaka kumi na moja anayepima amwambie mama yote au apunguze. Akipunguza, dawa italiwa vibaya. Akisema yote, mama hatalala. Mwandikeni huyo. Mpeni na wadogo zake wanaomsumbua, na hasira asiyoruhusiwa kuionyesha mbele ya wageni. Kitenge mtamvika baadaye, wala sina neno nacho.

Mkishaandika sura ya kwanza, nileteeni niisome. Jina la mhusika acheni wazi kwanza.

Bibi yenu,
Houston