Tumbili wa shaba hakuwa sinia la risasi

Mhariri,

Ukurasa wako wa lugha umerudia maelezo yaliyozoeleka ya msemo wa Kiingereza kuhusu baridi inayoweza kumkata tumbili wa shaba korodani: eti “brass monkey” lilikuwa sinia la shaba la kupangia risasi za mizinga kwenye sitaha ya manowari, na baridi ikizidi sinia lilisinyaa, risasi zikaporomoka. Si kweli, na fizikia ya sekondari inatosha kulithibitisha hilo.

Chukua bamba la shaba ya manjano la mita 1 katika joto la mchana la Mwanza, nyuzi 28, uliingize kwenye chumba cha kugandishia minofu ya sangara, nyuzi 18 chini ya sifuri. Joto limeshuka nyuzi 46. Mita ya shaba hiyo hupungua takriban milimita 0.019 kwa kila nyuzi moja, hivyo bamba litapungua karibu milimita 0.9. Lakini risasi za chuma nazo husinyaa (hapa ndipo wasimuliaji hupitiwa), kiasi cha milimita 0.5 kwa safu ya urefu huohuo. Tofauti haifiki milimita 0.4, ilhali risasi ya ratili 24 ilikuwa na kipenyo cha sentimeta 14 hivi. Haichomoki.

Tena, nani angerundika piramidi la chuma juu ya sitaha? Aliyesafiri kwa meli usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba, ziwa limechafuka, ameona mizigo isiyofungwa inavyotembea. Wanamaji walitumia mbao zilizotobolewa, kila risasi na shimo lake.

Maandishi ya zamani ndiyo yanayomaliza ubishi. Mwandishi Mmarekani Herman Melville, katika kitabu chake Omoo cha mwaka 1847, anamnukuu mhusika mmoja akilalamikia joto la kuyeyusha pua ya tumbili wa shaba. Joto, si baridi. Pua, si korodani. Wengine wa karne hiyo walitaja mkia. Sinia halina pua wala mkia: waliokuwa wakisema hivyo walimfikiria mnyama wa kuchongwa, na korodani zikaja baadaye kwa utani.

Naomba usahihishe, maana walimu hukata kurasa hizo na kuzibandika madarasani. Waongezee wanafunzi kwamba msemo huu ni wa mtaani na una ukali wake. Wasiuandike kwenye insha ya mtihani wala barua ya kuomba kazi.

Msomaji wako,
Mwanza