Sisi wazee msitunyime chuma

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wazee na tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya taratibu. Kwanza mimi tai chi naijua, sio ya kusimuliwa. Mwaka wa sita huu nacheza ile fupi ya miondoko 24 ambayo Wachina waliitengeneza 1956 ili kila mtu aiweze, jirani yangu ndo alinifundisha, tukitoka swala ya alfajiri tunashuka ufukweni, polepoleee, magoti umeyakunja kidogo, uzito unatoka mguu huu unaenda ule kama mtu anavuka tope. Na imenisaidia, zamani nikivaa suruali lazima nishike ukuta, siku hizi sishiki.

Kwa hiyo makala yenu pale iliposema tai chi inazuia wazee kuanguka sina neno. Hata Marekani 2018 ulitoka utafiti wa watu 670 wa miaka 70 kwenda juu, waliofanya tai chi walianguka pungufu kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliokuwa wananyoosha viungo tu. Ila mwandishi wenu kumalizia eti vyuma vya kunyanyua tuwaachie vijana, hapo hapana.

Maana mimi na balansi yangu yote hiyo ndoo ya lita 20 ilinishinda kuipandisha kwenye karo, na msibani nikikaa mkekani mjukuu ndo ananivuta kuninyanyua, watu wanaangalia. Tai chi unabeba mwili wako tu, uzito ni ule ule mwaka jana mwaka huu, msuli ukishazoea unatulia. Chuma unaongeza kidogo kidogo na msuli hauna ujanja.

Wanasema mzee ataumia. Boston, mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 wa nyumba ya kulelea wazee, watu wa miaka 90 hivi, wakawapa uzito wa kueleweka kwa wiki nane, nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini jamani! Australia nako kina mama waliokoma hedhi, mifupa imeshapungua, walichuchumaa na chuma begani na kukinyanyua kutoka chini, nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi nane, mifupa ya mgongo ikaongezeka. Walikuwa na msimamizi lakini, usisome hapa ukakimbilia gunia la mchele halafu kiuno kikikatika unitafute mimi.

Jim ya mtaani kwetu chuma chenyewe ni bomba lenye makopo ya zege huku na huku. Siku ya kwanza vijana walinipa shikamoo wakajua nimefuata mtoto wangu. Nilishapima presha, nikaanza na bomba tupu wiki tatu nzima, kijana mmoja kazi yake kunikumbusha tu, mzee pumua, usibane pumzi. Sasa hivi ndoo inapanda, na mkekani nainuka mwenyewe, mjukuu kakosa kazi.

Tai chi sijaacha. Jumanne na Ijumaa jioni chuma, asubuhi zingine ufukweni. Mwandishi wenu akitaka aje ajionee, tunaanza saa kumi na moja jua likishapoa, ila asije na kandambili, mimi kopo lilishanidondokea kidoleni na ukucha mpaka leo haujarudi.

Mzee mstaafu,
Tanga