Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vyeti vya Uasili Mtandaoni

Ndugu wanachama,

Mwaka jana nilisimama hapa nikilalamikia foleni. Mwaka huu foleni haipo. Cheti cha uasili wa bidhaa, yaani uthibitisho wa nchi bidhaa ilikozalishwa, kwa mizigo ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, ule mkataba wa nchi za Afrika kupunguziana ushuru, tunakiomba mtandaoni: unajaza fomu, unapakia ankara na viambatisho, unalipia kwa simu, unasubiri. Wenzetu wa Muheza waliokuwa wakifunga safari kufuata muhuri mmoja wameokoa nauli na gesti.

Ila naomba niwasimulie la kwangu, maana lilinigharimu. Kontena langu la pilipili manga lilikwama bandarini Tema, Ghana. Pilipili ilikuwa ya kusaga, ambayo katika orodha ya ushuru ni 0904.12. Kijana wangu wa ofisini alinakili maombi ya mzigo uliotangulia, uliokuwa wa punje nzima, 0904.11. Tarakimu moja. Mimi nilipitia uzito, jina la mnunuzi na idadi ya magunia, kisha nikabonyeza kutuma. Ofisa wa forodha kule alilinganisha cheti na ankara, akakataa kutoa nafuu ya ushuru. Tuliomba cheti kingine, ambacho kanuni zinaruhusu kitolewe hata mzigo ukiwa umeshaondoka, lakini siku za kontena kukaa bandarini zilikuwa zinahesabika, na bili ikaja kwangu. Zamani yule mama wa dirishani angenirudishia fomu huku ananisonya. Safari hii hakuna aliyenisonya.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaike, ikiwa ushuru anaulipa mnunuzi. Ni kweli anaulipa yeye, lakini huujumlisha kwenye bei anapotulinganisha na pilipili ya Vietnam au India. Tanzania ilikuwa kati ya nchi 8 zilizoanza biashara ya majaribio chini ya mkataba huu Oktoba 2022. Nafasi ipo, ila bila cheti sahihi mnunuzi wa Accra hana sababu ya kutuchagua.

Kwa iliki na pilipili zilizolimwa na kuvunwa hapa, uasili hauna ubishi. Kazi iko kwenye masala. Ukinunua mdalasini kutoka Asia, ukauchanganya na kuufungasha upya kwenye pakiti zenye picha ya Mlima Kilimanjaro, hiyo bado si bidhaa yetu. Kuchanganya tu na kufungasha hakuhesabiki. Vanila ya Uganda ni jambo jingine, kwa kuwa Uganda nayo imo kwenye mkataba na malighafi yake inaweza kuhesabiwa kama yetu. Wenye viwanda vidogo, lisomeni hili taratibu kabla hamjaweka tiki.

Mfumo unapokea mnachoandika. Forodha wakitaka uthibitisho, wataomba daftari la manunuzi: umenunua kwa nani, kijiji gani, kilo ngapi. Kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5. Nimeona daftari la mwanachama wetu mmoja, lina madoa ya manjano na kila mkulima ametia sahihi au dole gumba. Sijaona faili la kompyuta linaloaminika kuliko lile.

Wenye mizigo midogo, isiyozidi dola 5,000, wanaweza kutumia tamko la uasili la muuzaji mwenyewe badala ya cheti. Wengi hatulitumii, na sidhani tuna sababu ya maana.

Kuhusu mafunzo, nilibanwa na safari, nikayaahirisha mara mbili. Lawama ni yangu. Kamati inapendekeza tutenge fungu la kumlipa wakala wa forodha aliyebobea akae nasi siku mbili. Mtalipigia kura mchana. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Mwenye maombi yaliyokwama kwenye mfumo anipe namba yake kabla ya chakula.